Ulifanyiwa upasuaji gani? Historia ya kupunguza tumbo, kwa mama anayetaka kuchagua

SEHEMU YA 1

Mama zangu, pamoja na akina baba mnaosoma kimyakimya bila hata kuweka dole gumba. Tunawaona.

Wiki hizi mbili inboksi yangu imejaa swali moja tu: "Nesi, nataka kupunguza mwili kwa upasuaji, ipi nzuri, slivu au baipasi? Na lile puto je?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo nimeamua kuandika mfululizo. Sitaanza na bei, wala sitaweka picha za kabla na baada. Naanza na historia, na sababu yake ni hii.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya asubuhi kliniki ya wajawazito. Akaja mama mmoja, mimba ya pili, wiki ya 26. Mchangamfu, amependeza, kitenge chake bado nakikumbuka. Kwenye kadi yake, sehemu ya upasuaji aliowahi kufanyiwa, mtu alikuwa ameandika neno moja: "tumbo". Nikamuuliza, "Operesheni ya uzazi?" Akasema, "Hapana dada, ile ya kupunguza mwili, nilifanyiwa nje ya nchi." Nikasema hongera, nikaendelea na kazi. Foleni ilikuwa mpaka mlangoni.

Mama yake mzazi ana kisukari, kwa hiyo tulitaka kumpima kwa kile kipimo cha kunywa glukosi. Unajua kile kikombe: gramu 75 za sukari kwenye maji, unakunywa chote, tunasubiri tunapima damu. Mimi ndiye niliyekoroga. Mimi ndiye niliyempa.

Hazikupita dakika 20. Jasho likaanza kumtiririka kama amemwagiwa maji, moyo unamwenda mbio, tumbo linamkata, akashika ukingo wa meza akaniambia, "Nesi, nakufa." Tukamlaza ubavu wa kushoto, tukamwita daktari. Akapata nafuu kidogo, halafu baada ya kama saa moja na nusu akaanza kutetemeka na kuongea ovyo. Tunapima sukari, imeshuka chini kabisa. Mtu aliyetoka kunywa gramu 75 za sukari!

Mtoto alikuwa salama, na mama naye alipona, alhamdulillah. Lakini daktari aliponigeukia akauliza, "Alifanyiwa upasuaji wa aina gani?" sikuwa na jibu. Na yeye mama hakuwa nalo. "Walinipunguza tumbo tu, sista." Ikabidi mume wake apigiwe simu, akapekue sanduku la nguo nyumbani, atume picha ya karatasi. Ilikuwa baipasi.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikaanza kusoma.

SEHEMU YA 2

Tuwekane sawa kwanza kwenye maneno. Nikisema MFUKO WA CHAKULA namaanisha pale chakula kinapotua kikitoka kooni. UTUMBO MWEMBAMBA ni ule mrija mrefu unaofuata, kama mita 6 kwa mtu mzima, na ndio unaofyonza chakula kikaingia kwenye damu. Kote mnasema "tumbo", na hapo ndipo mambo yanapochanganyika.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Gothenburg, Sweden, Viktor Henrikson, aliandika kuhusu mwanamke wa miaka 32 aliyemkata sentimita 105 za utumbo mwembamba ili apungue. Wazo ni jepesi hata mtoto anaelewa: ukifupisha bomba, chakula kitapita bila kufyonzwa chote. Miaka miwili baadaye, 1954, madaktari wa Minnesota nchini Marekani wakiongozwa na Arnold Kremen wakaja na njia nyingine. Hawakukata na kutupa. Walichukua mwanzo wa utumbo wakauunganisha na sehemu ya mwisho, ile ya katikati ikabaki imo tumboni lakini chakula hakipiti. Walijaribu kwa mbwa kwanza.

Hiyo ilikuwa baipasi ya UTUMBO. Usiichanganye na baipasi ya leo, nakusihi, ni vitu viwili tofauti.

Kule Los Angeles, Payne na DeWind wakaichukua wakaipeleka mbali zaidi. Walianza 1956 kwa kuunganisha utumbo mwembamba moja kwa moja na utumbo mpana. Uzito uliporomoka kweli, lakini watu waliharisha, wakapoteza chumvi za mwili, ikabidi warudishwe chumba cha upasuaji. Wakarekebisha. Mwaka 1969 wakatangaza vipimo vyao: sentimita 35 za mwanzo wa utumbo zikaunganishwa na sentimita 10 za mwisho. Chukua rula ya mwanao ya shule, ile ya sentimita 30, ilaze mara moja na nusu. Huo ndio utumbo uliobaki unafanya kazi, kati ya mita 6.

Na watu waliipenda! Unakula unachotaka, unapungua. Nani asingependa? Maelfu walifanyiwa miaka ya 1960 na 1970. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa furaha tupu.

Halafu miaka ikapita. Kuharisha mara nyingi kwa siku, kusikokwisha. Mawe kwenye figo. Viungo kuvimba na kuuma. Wengine wakashindwa kuona gizani kwa sababu vitamini A haifyonzwi. Na ini, jamani, ini likawa linaharibika taratibu bila kelele, na wapo waliokufa kwa hilo. Wengi walifunguliwa tena ili utumbo wao urudishwe ulivyokuwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari walikuwa wameiacha.

Mnaelewa sasa kwa nini sianzi na picha za kabla na baada? Wale wa baipasi ya utumbo nao, mwaka wa kwanza, picha zao zilikuwa nzuri.

SEHEMU YA 3

Leo nawaletea mzee ninayempenda, Edward Mason, daktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Iowa. Kaa vizuri, hii ni ndefu.

Zamani, kabla hatujawa na dawa nzuri za vidonda vya tumbo, vidonda sugu vilitibiwa kwa kukata sehemu ya mfuko wa chakula. Iligundulika kwamba wanawake waliokatwa hivyo walikuwa hawaongezeki uzito, hata iweje. Kwa madaktari wa vidonda hilo lilikuwa tatizo. Mason akaligeuza: kama ni hivyo, kwa mtu mnene kupita kiasi si ndiyo dawa? Mwaka 1966, yeye na Chikashi Ito wakafanya baipasi ya kwanza ya MFUKO WA CHAKULA, wakaiandika 1967.

Walichofanya ni kuugawa mfuko. Kile kipande kidogo cha juu wakakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Sehemu kubwa ya mfuko inabaki mwilini, inaendelea kutoa maji yake, lakini chakula hakiioni tena. Mwanzoni waliukunja utumbo na kuupandisha juu, na hapo nyongo ikawa inapanda nayo: kiungulia kichungu, kutapika kijani. Mwaka 1977 Ward Griffen wa Kentucky akatumia njia ya zamani ya César Roux, daktari Mswisi wa karne ya 19, ya kuunganisha utumbo kwa umbo la herufi Y. Mkono mmoja wa Y unapitisha chakula, mwingine unapitisha nyongo na maji ya kongosho, vinakutana chini kwenye mguu. Ndiyo baipasi inayofanyika mpaka leo, ila sasa wengi hufanyiwa kwa matundu madogo. Wittgrove na Clark wa San Diego ndio walioitangaza hivyo, 1994.

Sasa rudi kwenye kikombe changu cha glukosi.

Mfuko wa kawaida una mlango chini yake. Mlango huo ni kama konda mkali, anaruhusu abiria wachache wachache. Ukinywa soda, inaingia kwenye utumbo kidogo kidogo. Kwenye baipasi chakula kimekwepa ule mlango. Sukari yote inadondoka kwenye utumbo kwa mara moja, inavuta maji kutoka kwenye damu, moyo unakimbia, jasho, tumbo linakata. Madaktari wanaiita dampingi. Halafu mwili, kwa kuona mafuriko ya sukari, unamwaga insulini kupita kiasi, na saa moja au mbili baadaye sukari inaanguka. Yule mama hakuwa na ugonjwa mpya. Mwili wake ulifanya kilekile ambacho mtu yeyote aliyesoma karatasi yake angekitegemea. Angetakiwa kupimwa kwa kutobolewa kidole, kabla na baada ya kula, kwa siku kadhaa. Basi. Hakuna kikombe.

Na si sukari tu. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi sehemu ya mwanzo kabisa ya utumbo, duodenamu, ambayo chakula cha mtu wa baipasi hakipiti. Kwa hiyo mjamzito wa baipasi anaweza kumeza FEFO zake kwa uaminifu kila usiku na damu ikawa chini vilevile. Vitamini B12 nayo inahitaji mfuko wa chakula ili ifyonzwe. Wengi wanahitaji sindano au vidonge vya dozi kubwa, maisha yote. Na dawa za maumivu za aina ya diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumtoboa kidonda pale kwenye kiungo. Ngapi tunazinunua duka la dawa bila kuuliza?

Narudi kwa Mason. Kinachonifanya nimpende ni kwamba ALIIACHA baipasi yake mwenyewe. Hakupenda jinsi ilivyokwepa njia ya asili. Mwaka 1980 akabuni nyingine: mfuko unabanwa kwa pini kutoka juu kushuka, mlango wake unazungushiwa mkanda mdogo usiotanuka, chakula kinapita njia ileile aliyoumba Mungu. Ilisambaa haraka, ilikuwa rahisi. Tatizo? Nyama ilikwama. Ugali ulikwama. Watu wakatapika, na wakajifunza kula vinavyoteleza: aiskrimu, chokoleti, vinywaji vitamu. Pini nyingine zikaachia. Uzito ukarudi kwa wengi, na leo haifanyiki tena. Kwa hiyo baipasi aliyoiacha mwenyewe imedumu, na aliyodhani ni bora imekufa. Mzee hakuficha. Alihimiza wagonjwa wafuatiliwe miaka na miaka, na chama cha madaktari wa upasuaji huu kilipoanzishwa Marekani mwaka 1983 yeye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza. Alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka 100.

Kwa ufupi tu, kuna nyingine ya Nicola Scopinaro wa Genoa, Italia, ya mwaka 1976, inayokwepesha utumbo zaidi kuliko baipasi ya Mason. Inapunguza sana, lakini upungufu wa vitamini na protini ni mkubwa, na kwa mazingira yetu ya ufuatiliaji mimi binafsi inaniogopesha. Nimeitaja kwa jambo moja la kina mama. Huko Québec, Kanada, watafiti waliwaangalia watoto ambao mama zao walifanyiwa upasuaji wa aina hii, wakawalinganisha na kaka na dada zao waliozaliwa KABLA mama hajapungua. Utafiti ulitoka 2006. Waliozaliwa baada ya mama kupungua walikuwa na unene uliopitiliza mara chache zaidi. Mama mmoja, nyumba moja. Wale mnaosema "ni tamaa tu ya kula" naomba mlifikirie hilo.

SEHEMU YA 4

Nilichelewa, samahani, nilikuwa zamu ya usiku mara tatu mfululizo.

Leo ni mkanda. Lubomyr Kuzmak, daktari mwenye asili ya Ukraine aliyefanya kazi New Jersey, mwaka 1986 alieleza mkanda wa silikoni unaofungwa juu ya mfuko wa chakula. Ndani ya mkanda kuna kipuli cha maji, na kipuli kimeunganishwa na kitufe chini ya ngozi. Unataka kubana? Sindano inaongeza maji kwenye kitufe. Unataka kulegeza? Inavuta maji. Hakuna kinachokatwa, hakuna utumbo unaoguswa.

Na aliyeuweka kwa mara ya kwanza kwa njia ya matundu madogo, Septemba 1993, mjini Huy, Ubelgiji, ni Mwafrika mwenzetu: Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, ambaye utotoni alikuwa mchunga mifugo. Nilipolisoma hilo nilimwonyesha mwanangu. Kijana aliyetoka machungani akawafundisha upasuaji huu madaktari wa Ulaya na kwingineko.

Miaka ya 2000 mkanda ulitamba sana Ulaya na Australia, na Marekani waliuidhinisha 2001. Kwa mama anayetaka kuzaa ulikuwa na raha yake: ukipata mimba na kichefuchefu kikazidi, maji yanavutwa, mkanda unalegea, unakula. Lakini miaka ilivyosonga mikanda ikaanza kuteleza, mingine ikala ukuta wa mfuko ikaingia ndani, vitufe vikapata maambukizi. Wengi wakafunguliwa tena kuitoa. Leo ni wachache wanaowekewa. Kama una mkanda uliowekewa zamani huko ughaibuni, usitishike, ila ukiona unatapika kila ukila, usiseme "ndio kazi yake". Nenda.

Na puto, mlioniuliza. Puto si upasuaji. Linaingizwa kwa mdomo kwa mpira wa kamera, linajazwa likiwa ndani. Hapa Dar wengi mmelisikia tangu Muhimbili Mloganzila walipoanza kuliweka. Msidhani ni jambo jipya. Marekani waliidhinisha puto lao la kwanza mwaka 1985, na baada ya miaka michache lilikuwa limeachwa, kwa sababu ya vidonda na mengine kupasuka yakashuka kuziba utumbo. Ya sasa yameboreshwa sana, na mengine hujazwa maji yenye rangi ya bluu ili likivuja mkojo ubadilike rangi ujue mapema. Linakaa miezi 6, mengine 12, linatolewa. Uzito unaweza kurudi likitoka kama hujabadilisha sahani. Na puto na mimba havikai pamoja: tumia uzazi wa mpango muda wote likiwa ndani, na ukichelewa siku zako tu, pima.

SEHEMU YA 5

Slivu. Hii ndiyo mnayoitaka wengi, na cha ajabu haikubuniwa iwe peke yake.

Ilikuwa hatua ya kwanza ya upasuaji mkubwa zaidi, mtoto wa ile ya Scopinaro, ambayo Doug Hess wa Ohio aliianza 1988: unapunguza mfuko, halafu unakwepesha utumbo. Michel Gagner, daktari wa Kanada aliyekuwa New York, mwaka 1999 alianza kuifanya kwa matundu madogo. Kwa wagonjwa wazito kabisa, kukaa mezani saa nyingi ilikuwa hatari mno. Wakagawa: leo tunapunguza mfuko peke yake, upungue kidogo, urudi baadaye tumalizie utumbo. Kumbe wengine waliporudi walikuwa wamepungua vya kutosha! Hatua ya pili haikuhitajika. Hatua ya kwanza ikawa upasuaji kamili.

Jina linatokana na mkono wa shati. Mfuko wa chakula, ambao una umbo la kibuyu kilicholala, unakatwa kwa urefu unabaki mwembamba kama mkono wa shati. Takribani robo tatu au zaidi inatolewa nje kabisa ya mwili. Haihifadhiwi, hairudi. Hilo nalirudia kwa sababu kuna mtu aliniandikia eti akishapungua "atarudishiwa". Mkanda unatolewa. Puto linatolewa. Baipasi kwa shida inaweza kugeuzwa. Slivu, HAPANA.

Kwa nini inafanya kazi? Si udogo peke yake. Mwaka 1999 Wajapani, Kojima na Kangawa, waligundua homoni ya njaa, ghrelini, na sehemu kubwa hutengenezwa kwenye ule uvimbe wa juu wa mfuko. Slivu huondoa uvimbe ule. Ndiyo maana watu husema, "Sista, sisikii njaa, nasahau kula." Hata kisukari kina hadithi yake: mwaka 1995 Walter Pories wa North Carolina aliandika kuhusu wagonjwa zaidi ya 600 wa baipasi, na wengi wa waliokuwa na kisukari cha ukubwani sukari yao ilirudi kawaida, mara nyingine ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujashuka. Tangu hapo madaktari wakaacha kuuona kama upasuaji wa kupunguza bomba tu.

Mwaka 2013 slivu ilikuwa imeipita baipasi kwa wingi huko Marekani, na dunia ikafuata. Ni fupi kufanya, utumbo hauguswi, mlango wa konda wetu unabaki mahali pake, na dampingi si kali kama ya baipasi. Tatizo lake kuu ni kiungulia. Mfuko mwembamba una presha, asidi inapanda kooni.

Hapa nina takwimu ninazoziamini. Ufini waliwagawa wagonjwa 240 kwa kura, wengine slivu, wengine baipasi, kuanzia 2008, na wakawafuatilia miaka 10. Kati ya uzito waliokuwa wamezidisha, wa slivu walikuwa wamepoteza kama asilimia 43, wa baipasi kama asilimia 52. Si mbingu na ardhi. Lakini walipotazamwa koo kwa kamera, michubuko ya asidi ilionekana kwa 31 katika kila 100 wa slivu, na 7 tu wa baipasi. Kwa hiyo ukiwa mtu wa kiungulia, unayelala na mito mitatu, mwambie daktari HILO kabla ya kumwambia kilo unazotaka kupunguza.

SEHEMU YA 6

Ya mwisho. Mdogo wangu wa damu naye ananisoma hapa, na ndiye aliyenisukuma kuandika. Ana miaka 31, mtoto mmoja, anataka wa pili. Ameniambia, "Dada, wewe ni nesi, niambie tu moja." Nimemwambia nilichonacho, nanyi nawaambia.

Kwanza kama unastahili. Mwaka 1991 wataalamu Marekani waliweka mipaka: BMI 40, au 35 ukiwa na ugonjwa kama kisukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya madaktari hawa vikashusha: 35 hata bila ugonjwa, na 30 ukiwa na kisukari unaweza kufikiriwa. Mwenye urefu wa sentimita 160 na kilo 90 ana BMI 35. Mwenye kilo 75 anayetaka "kutoa kitambi cha uzazi" hayumo, na daktari atakayemkubalia mimi ningemkimbia.

Pili, si urembo. Waswidi waliwafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliofanyiwa upasuaji na wengine idadi kama hiyo ambao hawakufanyiwa, tangu 1987. Matokeo yaliyotoka 2007 yalionyesha vifo vilipungua kwa karibu asilimia 29 kwa waliofanyiwa. Kwa mtu anayestahili, kuogopa kisu nako kuna gharama yake.

Kama una kisukari, au kiungulia kikali, baipasi ina hoja nzito. Kama huna, na unajijua huwezi kufuatilia sindano za B12 na vipimo vya damu kila mwaka, slivu itakusamehe zaidi, ingawa nayo inadai vitamini. Hilo ndilo nililomwambia mdogo wangu, kwa sababu namfahamu: hata chanjo za mtoto mimi ndiye ninayemkumbusha. Asinune.

Na mimba. Subiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, wakati huo uzito unaporomoka na mtoto atagombania chakula na wewe. Hapo kuna mtego: mwanamke aliyekaa miaka bila siku zake kwa sababu ya uzito, akipungua tu kilo kadhaa, yai linaamka. Anashtukia mimba ya mwezi wa nne baada ya upasuaji. Vidonge vya majira usivitegemee ukiwa na baipasi, huenda visifyonzwe vizuri. Njiti au kitanzi ni salama zaidi. Waswidi walipoangalia mimba za waliofanyiwa upasuaji, utafiti wa 2015, kisukari cha mimba kilipungua na watoto wakubwa kupita kiasi walipungua, lakini watoto wadogo kuliko umri wa mimba waliongezeka. Faida na hasara ziko kwenye tumbo lilelile, kwa hiyo vipimo vya kukua kwa mtoto usiviruke.

Ukiwa mjamzito na unatapika mfululizo, usisubiri. Vitamini B1 inakwisha haraka na ubongo unaweza kudhurika. Na kabla hawajakutundikia dripu ya sukari, sema ulifanyiwa nini, ili B1 itangulie.

Akina baba, nanyi mna kazi. Karatasi ya upasuaji ipigeni picha, ikae kwenye simu zenu wote wawili. Nyingine ibandikwe kwenye kadi ya kliniki. Nesi wa zamu ya asubuhi mwenye foleni mpaka mlangoni hatapekua sanduku lenu la nguo.

Yule mama wa kitenge alijipima kwa kidole wiki nzima, sukari ilikuwa nzuri. Alipewa madini ya chuma kwa dripu, maana FEFO zilikuwa zinapita tu. Alijifungua mtoto wa kike, kilo 2.7, kwa njia ya kawaida, na mimi ndiye niliyekuwa zamu. Wakati nampima presha akaniambia, "Leo usinipe juisi, nesi." Tukacheka wote wawili.

Mliouliza kuhusu kunyonyesha baada ya baipasi, nimewaona. Jumatano usiku, nikitoka kazini.